Bundi wa Jilore

Mama alikubali kuja msituni kwa sharti moja: yeye bundi haonyeshwi. Ndege wengine wote sawa. Nilikuwa nimemwambia kwamba mwongozaji tuliyempata Gede ni kijana wa Kigiriama, mzaliwa wa pembeni mwa msitu kama yeye, na nadhani hilo ndilo lililomfanya avae viatu vya kufunga na kupanda matatu nami kutoka Malindi kabla jua halijachomoza.

Mama kazaliwa Jilore, pale msitu wa Arabuko-Sokoke unapokoma na ardhi kuanza kuteremkia mto Sabaki. Kuni, uyoga, dawa za tumbo, vyote walivitoa mle ndani. Kisha akaolewa mjini, na msitu ukawa kitu cha kupita dirishani basi likielekea Mombasa. Mimi nilikulia Muyeye, na nilijua kwamba watu wanapanda ndege kutoka Uingereza na Marekani kuja kutazama ndege wetu kabla mimi mwenyewe sijamjua hata mmoja wao kwa jina. Jambo hilo liliniuma. Ule mwezi wa Oktoba nikaamua imetosha.

Kijana alitupokea kwenye kituo cha misitu, akamwamkia Mama kwa heshima na kumwita hawe, bibi, kama walivyozoea kwao. Darubini alikuwa nayo moja shingoni, lakini mapema nikaona kwamba hiyo ni ya sisi wageni. Yeye alitafuta kwa masikio. Tulianza kwenye miti ya mirihi, upande wa mchanga mweupe, ambako miti imeachana na mwanga unafika chini. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Nikageuza shingo kila upande, majani matupu. Yeye kasimama tu, kichwa kakiinamisha. Halafu akanyoosha kidole: “Wanakuja.”

Alichosikia ni sauti za mbuai-kofia, ndege weusi wenye makelele wanaotembea kwa makundi. Alitueleza kwamba ndege wa mirihi husafiri pamoja, jamii nyingi katika msafara mmoja, na hawa wapiga kelele ndio hutangulia. Ukiwasikia hao, usiondoke ulipo. Na kweli, dakika chache baadaye miti juu yetu ilijaa: chozi wa Amani wakining'inia kwenye vitawi vya mwisho kabisa, vigogota, na ndege wengine wadogo walioruka kabla sijawashika kwenye darubini. Katikati yao akatuonyesha kwera wa Clarke, mgongo mweusi, tumbo la manjano.

Huyu kwera ndiye aliyenisimamisha. Duniani kote hapatikani nje ya kaunti yetu ya Kilifi. Ni hapa, na kule Dakatcha, ng'ambo ya Sabaki. Wataalamu walimjua tangu miaka ya 1910, lakini mahali anapojenga kiota hapakujulikana mpaka 2013, alipokutwa Dakatcha akizalia kwenye majani ya madimbwi yanayojaa mvua ikinyesha. Karne nzima! Na Dakatcha ni mahali ambako watu wetu wanachoma makaa kila siku, gunia juu ya gunia, yakija kuuzwa hapa Malindi. Nilimtazama yule ndege akipekua magome ya mrihi na nikawaza kuhusu jiko letu nyumbani, na mkaa ulio ndani yake.

Mama alikuwa na yake. Yeye alitazama miti. Huu muhuhu, wachongaji wa vinyago wameumaliza. Huu mfunda, kuni zake zinakaa moto usiku kucha. Kijana akawa anamuuliza maswali kwa Kigiriama, upesi upesi, na kuna mahali nilipitwa kabisa na mazungumzo yao. Ghafla kitu kikachomoka majanini mbele yetu, kikikimbia na kupiga ardhi kwa miguu, nyuma yake ya manjano iking'aa kama kiraka kilichoshonwa. “Sange!” Mama akapaza sauti. Pua ndefu kama mkonga, mwili wa kahawia. Akasema walikuwa wakimtega kwa kamba, na nyama yake haishibishi. Kijana akamjibu taratibu kwamba bado wapo wanaotega, na kwamba kila akikuta kitanzi hukikata.

Baada ya chai na mahamri tulipanda gari na kuingia upande wa magharibi, ambako udongo unageuka mwekundu na mifunda imesongamana hadi huwezi kupitisha mkono. Huko ndiko makao ya bundi wa Sokoke. Kijana akasimamisha gari. Akamwambia Mama: “Hawe, wewe kaa hapa kivulini. Mimi natafuta. Nikimpata, ukitaka utakuja, usipotaka hakuna atakayekulazimisha.” Akatumbukia kichakani peke yake.

Tulipokuwa tukimngoja, Mama alinieleza kitu ambacho hakuwahi kunieleza. Alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekufa kwa homa. Usiku wa kuamkia siku hiyo bundi alilia juu ya mwembe wa boma lao, mkubwa, sauti nzito. Wanaume walitoka na mawe. Asubuhi mtoto hakuamka, na kabla ya matanga kwisha watu walishaanza kumtaja kikongwe mmoja wa jirani. Kikongwe huyo alihama. Mama hakujua alikokwenda. “Alikuwa akinipa miwa,” alisema.

Sikuwa na la kumjibu. Wazee wanaosingiziwa uchawi Kilifi si hadithi za zamani. Wanauawa hata leo.

Kijana akarudi, majani kichwani, akatuashiria kwa mkono. Mama akainuka. Sikumwambia neno, na mpaka leo sijamuuliza kwa nini alibadilisha nia. Tuliinama, tukapenya, mwiba ukanishika ukaya, na pale kwenye kitawi, juu kidogo ya vichwa vyetu, walikaa wawili wamebanana bega kwa bega. Mmoja wa kijivu, mwenzake mwekundu kama udongo ule ule tuliokanyaga. Ni aina moja, kijana alinong'ona, rangi tu ndizo tofauti. Urefu wao haufiki wa kiganja changu na vidole vimenyooshwa. Macho nusu yamefumba.

“Ni huyu?” Mama akauliza. “Mdogo hivi?”

“Ndiye. Chakula chake ni wadudu, hawe. Mende, panzi.”

“Huyu hata panya hamwezi.”

Tulirudi nyuma bila kuwashtua. Njiani Mama akamuuliza bundi huyo analia vipi. Kijana akasimama mbali na kichaka na kupiga mbinja ndogo, fupi fupi, moja baada ya nyingine, zisizopanda wala kushuka. Mama akamshika mkono. Akamtaka arudie. Akamtaka tena.

“Hiyo ni ya kwetu,” alisema. “Kila usiku. Sisi tulisema ni chura.”

Mchana tulimalizia Mida, kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, ambapo ada inayolipwa inasaidia karo ya wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu. Maji yalikuwa yametoka. Ndege wa pwani waliotoka kaskazini, wale wanaokimbia baridi, walitapakaa kwenye tope, na heroe wachache kwa mbali. Nilipenda, lakini kusema kweli akili yangu ilibaki kwenye udongo mwekundu, na Mama aliyaangalia maji kwa adabu tu.

Kwenye matatu ya kurudi alimpigia dada yake, anayeishi Jilore hadi leo. Salamu zilikwenda haraka. Kisha akaiweka simu karibu na mdomo na kuanza kupiga mbinja, abiria wote wakageuka, na nikamsikia khalati upande wa pili akipiga kelele: “Huyo analala nyuma ya jiko langu! Wewe umempatia wapi?”