Kompyuta ya duka ilipoimba yayaya

Shangazi yangu anauza gesi Ngamiani, hapa Tanga. Mteja anapiga simu, kijana wa bodaboda anapeleka mtungi, basi. Kila kitu kilikuwa kwenye daftari mpaka mimi nilipojitia ufundi nikaandika skripti mbili, yaani programu fupi, za lugha ya Python: oda.py ya kupokea oda, na risiti.py ya kukokotoa na kuchapa. Kila moja peke yake ilikwenda vizuri. Kuzikutanisha ndiyo ikawa kazi.

Ili oda.py iiamshe risiti.py, kwanza nilitumia os.system, inayoendesha amri kana kwamba umeichapa mwenyewe, nikaunga amri moja ndefu: python risiti.py Barabara ya 8 2, yaani mitungi miwili, Barabara ya 8. Wenyeji mnajua, mitaa ya Ngamiani huitwa kwa namba. Nikabonyeza, kioo kikajaa "yayayayaya". Shangazi akachungulia: "Mwanangu, hiyo kompyuta inaimba taarabu?"

Kumbe kila penye nafasi, agumenti, yaani taarifa unayoipa skripti, inakatika. Kwenye sys.argv, orodha inayozipokea, namba 0 ni jina la skripti yenyewe, namba 1 ikawa "Barabara", na namba 2, nilikotegemea idadi ya mitungi, ikawa "ya". Nami nilikuwa nazidisha idadi kwa bei, 24000. Ukiiambia Python izidishe maandishi kwa namba haigombi, inayarudia mara zote hizo. Nikahamia subprocess.run, njia nyingine ya kuendesha programu, nikaipa orodha yenye kila agumenti mahali pake, "Barabara ya 8" ikafika nzima. Sasa badala ya yaya zikamiminika 2222, maana kinachopita sys.argv hufika kama maandishi, hata kikiwa namba. Nikaitia int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, ikatulia.

Vitufe ndivyo vilivyoninyima usingizi. Kwa tkinter, maktaba ya Python ya kuchora madirisha, nilitengeneza dirisha lenye kitufe kwa kila barabara, ya 4 hadi ya 14, nikaandika command=peleka(namba) ndani ya mzunguko unaopitisha namba moja baada ya nyingine; peleka ni fanksheni yangu, yaani kipande cha programu chenye jina, ya kutoa risiti. Dirisha halijaonekana, risiti zote zimeshatoka! Nilielewa nilipokumbuka fundi redio. Ukimwachia redio unamwachia na namba yako ya simu: ikipona, nipigie. Jina la fanksheni bila mabano ndiyo hiyo namba. Ukiweka mabano, umejipigia mwenyewe palepale, na fundi umemwachia None, yaani hewa.

Nikaweka lambda: peleka(namba), yaani fanksheni ndogo isiyo na jina. Risiti zikasubiri kubonyezwa, lakini jioni shangazi akaniita. "Mbona mitungi yote inakwenda barabara ya 14? Kuna shughuli huko?" Nilikaa na hilo siku mbili. Lambda haikushika thamani, ilishika jina tu, "namba", na huenda kulitazama pale kitufe kinapobonyezwa. Wakati huo mzunguko ulishaisha zamani, namba imebaki 14. Dawa ilikuwa functools.partial: partial(peleka, namba) huifunga thamani papo hapo. Wengine huandika lambda namba=namba, nayo inafanya kazi, ila mimi naiona kama kigugumizi.

Siku hizi subprocess nimeiacha. oda.py inaichukua risiti.py kwa import na kuikabidhi fanksheni ya kuita ikishamaliza kuchapa. Majaribio yangu nimeyaweka chini ya if __name__ == "__main__", sharti linaloyaruhusu tu faili likiendeshwa lenyewe, si likichukuliwa na jingine, maana kabla ya hapo kila ukifungua dirisha ilitoka risiti ya mteja asiyekuwepo.

Madeni tu ndiyo shangazi amekataa yaingie humo. Yako kwenye daftari, chini ya kaunta.