Kazi 12 za Heracles kwa udongo: nimefika kibao cha saba

Kwa aliyekosa mwanzo: nafinyanga kwa udongo vile vibao 12 vya marumaru vya hekalu la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, kule Olympia, Ugiriki. Wataalamu huviita metopi. Sita vilikuwa juu ya ukumbi wa mbele, upande wa mashariki, na sita juu ya ukumbi wa nyuma, magharibi, na kila kimoja kinaonyesha kazi moja ya Heracles, shujaa mwenye nguvu wa hadithi za Kigiriki. Hekalu lenyewe lilijengwa kati ya mwaka 470 na 457 KK hivi, na msanifu wake alikuwa Libon wa Elis. Vibao halisi vina kimo cha mita 1.6 hivi. Vyangu ni sentimita 16, moja kwa kumi, hesabu isinisumbue.

Nilikosea kabla hata sijashika udongo. Pausanias, msafiri wa Kigiriki wa karne ya 2 BK, alipita Olympia akaandika kazi zilizochongwa pale. Nikafuata orodha yake, nikakata vibao, nikavihesabu: 11. Nikahesabu tena. Pausanias kamsahau Cerberus, mbwa wa kuzimu, na mimi nikamsahau naye. Kibao cha 12 nimekikata baadaye kutoka donge lingine la udongo, na rangi yake inakataa kufanana na ya wenzake.

Simba wa Nemea. Nilijiandaa kwa mieleka. Wachoraji wa vyungu vya Athens walipenda kumchora Heracles akiwa amemkaba simba shingo, mtu na mnyama wamefungamana kama kamba. Mchongaji wa Olympia hakutaka hayo. Simba wake amekwisha kufa. Heracles amemkanyaga, kiwiko kakiegemeza gotini, kichwa kakilaza kiganjani. Hana ndevu bado. Katika vibao vya baadaye anazo. Kijana kachoka kazi ya kwanza tu, na 11 zinamsubiri! Kile kiwiko kilinila jioni nne, maana kikipanda kidogo anaonekana anafikiri, kikishuka kidogo anaonekana analala.

Nyoka wa Lerna na fahali wa Krete. Vyote viwili vilipasuka. Nyoka, kwa mikunjo yake mingi, nilimfanya mnene huku ubao wa nyuma ukiwa mwembamba, basi ubao ukakauka mapema na mikunjo ikabaki mibichi. Nilimpelekea vipande bibi mmoja mfinyanzi wa mtaani kwetu. Akavigeuza, akacheka.

"Mjukuu wangu, umeanika juani?"

"Kivulini, bibi. Lakini upepo ulikuwepo."

"Upepo ni jua la wajinga. Funika na nailoni, ufunue kidogo kidogo. Na hivi usitupe, saga."

Nimesaga. Unga wa vigae vilivyochomwa hapo awali nauchanganya na udongo mpya, vile vibichi vilivyopasuka nimeviloweka upya, na tangu hapo sijapata ufa mkubwa. Methali inasema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi nafinyangia gaeni.

Fahali nimemrudia mara ya tatu na sijutii. Ni kibao kilichopangwa kwa ujanja mkubwa kuliko vyote: fahali anavuta kwenda upande mmoja, Heracles anaegemea upande wa pili, miili yao inakatana kama herufi X. Tabu yangu ilikuwa picha. Wafaransa walichimba pale mwaka 1829 wakaondoka na vipande, na ndiyo maana sehemu kubwa ya fahali huyu iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Wajerumani walianza kuchimba 1875, na walichopata kilibaki Olympia, ambako pengo limezibwa kwa nakala ya plasta. Mimi niliunganisha picha za pande zote mbili bila kuangalia mwanga unatoka wapi. Fahali wangu wa kwanza alikuwa na vivuli viwili.

Ndege wa Stymphalos. Hapa ndipo nilipoamua kanuni ya mradi: kilichopotea sikizushi. Athena, mungu wa kike anayemsaidia Heracles, amekaa juu ya mwamba, peku, kama msichana aliyepumzika kando ya njia, na Heracles anamnyooshea ndege aliowaua. Ndege hawapo tena. Nimeuacha mkono mtupu. Kila anayekuja nyumbani anauliza, "Anampa nini?" nami nafurahi kusimulia.

Vibao vya ayala na Amazoni, yule mwanamke shujaa wa vita, nilivimaliza haraka, kwa kuwa vilivyosalia ni vichache.

Atlas. Ndiyo kazi ya sasa, ya saba kwangu, maana nimeruka mpangilio kwa uchu. Heracles amebeba mbingu ili Atlas, jitu ambalo kwa kawaida ndilo huibeba, akamletee matufaha ya dhahabu. Atlas amerudi, mikono mbele, matufaha viganjani. Athena yuko nyuma ya Heracles, kainua mkono mmoja kusaidia, bila hata kukunja uso. Na mabegani Heracles ameweka mto uliokunjwa. Nilipouona nilicheka peke yangu: ile ni ngata! Mtu kapewa mbingu nzima abebe, naye kafanya kile anachofanya yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya maji.

Mbingu yenyewe haikuchongwa. Juu ya ngata kuna ukingo wa kibao tu, na juu ya ukingo ni jengo la hekalu. Nilipokuwa naunda ubao wangu kwa ukingo mwembamba, Heracles alionekana kama anajinyoosha baada ya usingizi. Nimeongeza unene wa ukingo kwa milimita 4, na magoti yake yakaanza kuonekana yana kazi.

Kinachofuata ni mazizi ya Augeas, mfalme wa Elis, nchi ileile ya Olympia. Heracles aliyasafisha kwa kugeuza maji ya mto, na masimulizi mengi yanautaja Alpheios, unaopita chini tu ya hekalu. Matetemeko yalipokwisha kuliangusha hekalu, mafuriko ya Alpheios na mwenzake Kladeos yakalifukia kwa mita kadhaa za tope. Nitautumia udongo wa mtoni kwa kibao hicho, ingawa bibi ameuonja kwa ulimi akasema una mchanga mno.

Atlas yuko chini ya nailoni. Jumamosi tunachoma kwa pumba za mpunga, mvua ikituruhusu.