Oili ilitoka juu, mimi nikalala chini

Wiki tatu nimelala chini ya gari langu la michezo la mwaka 1991 nikiamini sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili kuvuja kwenye mhimili mkuu wa injini) imekufa. Oili ilikuwa inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi, na fundi mmoja akasema tuishushe giaboksi. Nilikaribia kukubali!

Kwanza nikaosha injini yote, nikaikausha, nikatia rangi maalumu kwenye oili, nikaendesha dakika 20, kisha nikamulika kwa taa ya urujuanimno. Mng'ao ulianzia juu kabisa, nyuma ya silinda hedi, kwenye sensa ya kamshafti (kifaa kinachosoma mzunguko wa mhimili unaofungua valvu). Ringi yake ya mpira ilikuwa imekakamaa kama plastiki. Niliikunja kidogo ikakatika. Oili huteremka na kusukumwa na upepo, kwa hiyo inakodondokea siko inakotoka.

Boliti ni moja tu, ila imejificha kwenye kona iliyonichuna vidole vyote. Nilichora alama kabla ya kuichomoa sensa, maana ikirudi vibaya taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha mafuta, inahama. Gasketi ya kava ya valvu nayo nikaibadilisha hapohapo.

Sasa ni pakavu. Ila silinda ndogo ya klachi imeanza kutoa machozi.