Doa la dari

Nimemaliza sasa hivi kuitazama tena Dark Water, filamu aliyoiongoza Hideo Nakata mwaka 2002, na taa ya sebuleni bado sijaizima.

Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba, katika filamu za kutisha, Wajapani wanatushinda sote kwa subira.

Damu karibu haimo kabisa. Yumo mama anayepigania malezi ya binti yake, jengo kuukuu, mvua isiyokatika, na doa la maji linalotanuka taratibu kwenye dari.

Hata Ringu ya mwaka 1998, ya mwongozaji huyohuyo, ambamo mzimu wa Sadako unatoka kisimani kwa mwendo usio wa binadamu (mwigizaji alitembea kinyumenyume, kisha picha zikageuzwa), hainitishi kama doa hilo.

Nilipokwenda jikoni, bomba lilikuwa likidondosha tone moja moja. Nikalikaza, nikasimama kimya, kisha nikainua macho. Dari ilikuwa kavu.

Nikaitazama tena.

Maji ya kunywa nimeyaacha palepale mezani. Wenzangu, ni filamu gani ya Kijapani iliyowahi kuwafanya mwiogope nyumba yenu wenyewe?