Kesi ya mauaji ninayopangiwa na mahakama nikiwa wakili wa utetezi: ninavyoiandaa

Kabla hata sijataja jina, namwambia mshtakiwa kwamba mimi si Wakili wa Serikali. Ameambiwa serikali imempa wakili, na pale mahakamani Wakili wa Serikali ndiye anayemshtaki. Akijumlisha mwenyewe, anapata jibu baya. Mtu wa namna hiyo atanijibu "ndiyo mheshimiwa" kwa kila swali na nitatoka gerezani mikono mitupu. Kwa hiyo dakika kumi za mwanzo ni za kueleza nani ananilipa (mahakama), namfanyia nani kazi (yeye), na kwamba atakayoniambia hayaendi kwa polisi. Namwambia pia ndugu zake wasimpe mtu yeyote hela kwa ajili ya wakili huyu. Mjini kuna watu wanaoishi kwa kuchangisha familia za mahabusu.

Hapa Tanzania msingi wa kumpangia mshtakiwa wakili hivi ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1969. Jaji au hakimu akiona kwamba haki inadai mshtakiwa awe na wakili, na kwamba hana uwezo wa kumlipa, anaamuru apewe. Kwa vitendo, kesi nyingi tunazopangiwa ni za mauaji, na barua ya uteuzi kutoka kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu hufika sesheni (kipindi cha kusikiliza kesi hizo) ikiwa mlangoni.

Barua ikishafika, naanzia masijala kabla ya gereza. Nataka hati ya mashtaka, mwenendo kabidhi (kumbukumbu za siku mahakama ya chini ilipomsomea mshtakiwa maelezo ya mashahidi na kuikabidhi kesi Mahakama Kuu), maelezo ya kila shahidi, na nakala za vielelezo: ripoti ya uchunguzi wa mwili, ramani ya tukio, maelezo ya onyo (aliyoandikwa mshtakiwa na polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake), na maelezo aliyotoa kwa mlinzi wa amani, kwa kawaida hakimu, kama yapo. Nahesabu kurasa palepale kaunta. Mara nyingi kinachokosekana ni ukurasa wa pili wa ripoti ya daktari, wenye sababu ya kifo, au fotokopi imefifia haisomeki.

Kisha nachora jedwali la safu tatu: jina la shahidi, je maelezo yake yalisomwa siku ya kabidhi, na kielelezo gani kitapitia kwake. Safu ya pili ndiyo yenye faida kubwa. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa siku ile hawezi kupandishwa kizimbani hivihivi. Upande wa mashtaka lazima utoe taarifa ya maandishi mapema, ukitaja jina na kiini cha ushahidi wake. Bila jedwali, shahidi wa hivyo anapita mbele yako umekaa.

Gerezani nabeba kitambulisho, leseni ya mwaka husika na barua ya uteuzi, simu inabaki getini. Swali la kwanza ni umri wake siku ya tukio. Adhabu ya kuua kwa makusudi ni moja tu, kunyongwa, lakini haitolewi kwa aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Polisi huandika umri kwa kukadiria. Nikiona shaka, natuma ndugu watafute cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au rejesta ya shule ya msingi. La pili ni lugha. Mtu anaweza kusalimia vizuri kwa Kiswahili na bado asielewe maana ya "nia ovu", yaani kusudio la kuua. Huyo naomba apewe mkalimani siku ya kusomewa shtaka, kabla hajajibu chochote. La tatu ni afya ya akili, nalo nauliza kwa mzunguko: amewahi kulazwa, familia ilimtibu wapi, kijijini wanamwitaje. Pakiwa na dalili, naomba mahakama ielekeze apelekwe Isanga, taasisi ya afya ya akili iliyopo Dodoma, akachunguzwe. Ombi hilo likichelewa hadi utetezi, jaji atauliza lilikuwa wapi siku zote.

Muda mwingi uliobaki naumalizia kwenye maelezo ya onyo, maana huko ndiko kesi nyingi zinakoshinda au kuanguka. Sheria inawapa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu alipokamatwa. Wanaweza kuongezewa, lakini kwa utaratibu wake, na muda wa kumsafirisha kutoka eneo la tukio hadi kituoni hauhesabiwi. Basi naandika pembeni saa ya kukamatwa kwa mujibu wa mshtakiwa, kwa mujibu wa askari aliyemkamata, na saa iliyo juu ya maelezo yenyewe. Hapa kuna mtego wa lugha: mshtakiwa akisema saa mbili anamaanisha asubuhi kweupe, ila kwenye karatasi ya polisi 0200 ni usiku wa manane. Nimezoea kuuliza "jua lilikuwa wapi?" na ndipo naandika.

Halafu namuuliza anakana nini hasa. Kusema "sikutoa maelezo yale" ni jambo moja, na kusema "niliyatoa kwa sababu nilipigwa" ni jingine. Ukizisema zote mbili kwa pamoja zinauana. Hoja ya kipigo ndiyo inayomlazimu jaji kufungua kesi ndani ya kesi, yaani kusikiliza kwanza kama maelezo yalitolewa kwa hiari, na hapo nitahitaji makovu, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), au rejesta ya afya ya gereza siku aliyopokelewa. Pingamizi hilo hutolewa kielelezo kinapoombwa kupokelewa. Likisubiri zamu ya mshtakiwa kujitetea, maelezo yameshaingia na yameshasomwa kwa sauti mahakama nzima ikisikiliza.

Kama utetezi ni kwamba hakuwepo eneo la tukio, taarifa ya maandishi inatakiwa mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ikishindikana, basi walau maelezo yake yatolewe kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Kinyume cha hapo jaji anaruhusiwa kutoupa uzito wowote. Naandika mahali, saa, na majina ya waliokuwa naye, pamoja na namna ya kuwapata, kwa sababu "mjomba wa Shinyanga" hapelekewi hati ya wito.

Siku ya usikilizwaji wa awali nina tabia moja inayowachosha wenzangu: sikubali ripoti ya daktari kwa mazoea. Jambo likishaorodheshwa miongoni mwa yasiyobishaniwa, linahesabiwa limethibitishwa na daktari haitwi tena. Kifo nakikubali, chanzo chake nakiacha wazi, hasa pale marehemu alipokaa hospitali siku kadhaa kabla ya kufa. Ugomvi wa kilabuni, ulevi au uchokozi ukionekana waziwazi kwenye maelezo ya mashahidi wao wenyewe, siku hiyo hiyo nazungumza na Wakili wa Serikali kuhusu kukiri kosa dogo la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Mshtakiwa ndiye mwenye kauli ya mwisho, na nampa muda wa kulala nalo.

Hukumu ikiwa mbaya, sisubiri ateremke mahabusu ya chini. Palepale namwambia ana siku 30 za kutoa taarifa ya rufaa Mahakama ya Rufani, na kwamba anaitoa kupitia kwa Mkuu wa Gereza bila kulipa chochote. Huko juu anaweza kupangiwa wakili mwingine kabisa, kwa hiyo naandika ukurasa mmoja wa pingamizi zilizokataliwa na kurasa za mwenendo zilipo. Nakala moja anaondoka nayo yeye, nyingine naiacha kwenye jalada langu.