Mkapumzike Kidogo: Tafakari ya Wiki Mabinti Wanaporudi Nyumbani

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Neno letu wiki hii tunalichukua Marko 6:30-31. Mitume walikuwa wametumwa wawili wawili. Wamehubiri toba, wametoa pepo, wamepaka wagonjwa mafuta, na sasa wamerudi kwa Bwana, "wakampa habari za mambo yote waliyoyafanya, na mambo yote waliyoyafundisha." Naye akawaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Marko anaeleza na sababu: watu walikuwa wengi, wanakuja na kwenda, hata nafasi ya kula haikuwapo.

Nafundisha shule ya bweni ya wasichana hapa Bagamoyo, na wiki hii tunafunga muhula wa kwanza. Maneno haya nimeyasoma huku wanafunzi wakifunga matranka yao nje ya dirisha la ofisi, ndiyo maana nashindwa kuyatafakari bila wao.

Tangu Januari watoto hawa hawajakaa. Kidato cha kwanza waliingia na magodoro kichwani, wengine wakilia usiku, na kabla hawajaizoea kengele ya saa kumi na moja alfajiri tayari wako kwenye kozi ya Kiingereza. Ikaja Kwaresima na Njia ya Msalaba kila Ijumaa baada ya vipindi. Ikaja masika, uwanja wa netiboli ukageuka dimbwi, timu ikasogeza meza za bwalo ukutani na kufanya mazoezi humo humo mpaka wapishi wakalalamika. Wakaenda UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, wakavuka hadi mkoa. Wanaosoma historia walikwenda Kaole kuyaona magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Kidato cha sita wakafanya mahafali, na Mei wakaingia kwenye mtihani wa taifa; wiki hizo shule nzima ilitembea kwa kunyata. Katikati ya hayo kuna midahalo, zamu za usafi, kwaya, shamba la mboga, na prepo ya kila usiku hadi saa nne.

Kazi ya klabu ya sayansi ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Sisi wa pwani tunajua visima vyetu vingi vina chumvi. Wasichana wa kidato cha tatu wakachota maji mitaa mbalimbali, Dunda, Magomeni, Nianjema, lita moja moja, wakayachemsha maabara mpaka yakakauka. Kisha wakaukwangua ule ukoko mweupe uliobaki ndani ya bika, wakaupima kwenye mizani na kuandika kisima kwa kisima. Hakuna aliyewatuma. Mmoja wao aliniambia bibi yake kila siku analalamika kwamba chai ya nyumbani haina ladha, na wazo lilianzia hapo. Nilipowaona wameinamia ile mizani, hata kupumua wanaogopa chumvi isije ikapeperuka, nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kunipa kazi hii.

Sasa turudi kwenye Neno. Mitume walikuwa na mengi ya kujivunia, na Yesu aliyasikiliza. Neno "yote" limo mara mbili katika mstari ule mmoja, kwa hiyo nadhani hayakuwa mazungumzo ya dakika mbili. Hatusomi kwamba aliuliza nani ametoa pepo wengi zaidi. Hatusomi kwamba aliwapanga, Petro wa kwanza, Filipo wa saba. Kumi na wawili walisimulia, Bwana akasikia, halafu akatazama miili yao iliyochoka, na neno lake la kwanza lililoandikwa baada ya taarifa ile ni kuwaita wakapumzike.

Siku ya kufunga shule sisi wazazi na walimu huwa tunaanzia kwingine. Ripoti inatolewa, na mzazi hata hajaisalimia vizuri sura ya mtoto, kidole kinashuka moja kwa moja hadi pale palipoandikwa nafasi yake darasani. Siwalaumu kina mama. Wengi wamedamkia daladala ya kwanza kutoka Makumbusho, na ada wameikopa kwenye vikoba. Aliyelipa kwa jasho ana haki ya kuuliza. Ripoti isomwe, hata mimi niliyeiandika nataka isomwe, na mtoto aliyezembea aambiwe. Ninachokiomba ni kwamba isitangulie.

Mwaka jana nilimwona baba mmoja, mkulima wa mananasi kutoka Kiwangwa, viatu vyake bado vina udongo wa shambani. Alipokea ripoti, akaikunja, akaitia mfuko wa shati bila kuisoma. Akaketi juu ya tranka la binti yake chini ya mwembe, akamwambia, "Haya mama, nianzie mwanzo kabisa." Yule binti akaanza. Akasimulia mpaka dereva wa bajaji akapiga honi, akasimulia tena. Kuna mahali baba alimkatiza: "Na yule mwenzako aliyekuwa analia usiku, siku hizi analala?" Binti alicheka, akasema sasa ndiye anayewabembeleza wengine. Ripoti aliisoma, bila shaka. Aliisoma baadaye.

Nisome nanyi kitu kingine ambacho mara nyingi tunakiruka. Kati ya mitume kutumwa na mitume kurudi, Marko ameweka karamu ya Herode. Yaani wakati mitume wako njiani, kuna binti mmoja yuko mbele ya wakubwa, anacheza, na amecheza vizuri. Mfalme amependezwa, wageni wamependezwa, ameahidiwa zawadi hata nusu ya ufalme. Kwa macho ya watu hakuna binti aliyefanikiwa kuliko huyo siku ile. Naye anatoka, anakwenda kwa mama yake, anamwuliza, "Niombe nini?" Mama anamjibu kwa chuki aliyokuwa nayo moyoni siku nyingi, na binti anarudi kuomba kichwa cha Yohane Mbatizaji. Analetewa kwenye sinia, anampelekea mama yake. Someni tena mwishoni mwa habari ile muone kama kuna chochote kilichobaki mkononi mwa binti mwenyewe. Hakuna. Kipaji kilikuwa chake, makofi yalikuwa yake, zawadi wakaitumia wengine kumalizia ugomvi wao.

Hatumkati mtu kichwa, wapendwa. Lakini nimekaa na wasichana miaka mingi, na najua jinsi alama zao zinavyobebwa na wakubwa kwenda kupiganiwa vita ambavyo si vyao. Mama anataka wifi zake wanyamaze. Baba anataka kumwonyesha ndugu yake kwamba hata wa kike anaweza. Na sisi walimu nasi tunataka shule ipande kwenye matokeo, tunamkamua mtoto mpaka anasahau kwa nini alipenda kemia. Binti anapouliza "nisomee nini?" na jibu lote linatoka kwenye jeraha la mzazi, tumekaribia sana sinia lile.

Sura moja nyuma yake, Marko 5, yuko binti mwingine, wa Yairo, umri wake miaka kumi na miwili. Huyu hakufanya lolote la kusifiwa. Amelala tu, amekufa, na nyumba imejaa kilio. Yesu anamshika mkono, anamwambia, "Msichana, nakuambia, inuka." Anainuka, anatembea, watu wanashangaa. Na katikati ya mshangao huo Bwana anaamuru mtoto apewe chakula. Napenda sana agizo hilo. Wazazi walikuwa wamezidiwa na furaha, hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto ana njaa, akakumbuka yeye.

Sasa niseme juu ya mapumziko yenyewe, na hapa nasema na sisi wa nyumbani. Mvulana akirudi kutoka bweni, mara nyingi anapumzika kweli. Analala hadi jua limepanda, jioni yuko kwenye mpira. Dada yake, aliyetoka kwenye kengele zile zile, kesho yake anaamshwa alfajiri kukanda unga wa vitumbua vya biashara. Akimaliza kuna ndoo za maji, kuna mtoto wa shangazi wa kubeba, kuna vyombo, na mchana anatumwa sokoni. Tunaita likizo, na kwake ni muhula wa pili umeanza mapema. Kazi za nyumbani ni malezi, sizipingi, na binti asiyejua kushika fagio tumemkosea. Ninachouliza ni kwa nini malezi hayo yamekuwa ya mmoja.

Msidhani hili ni la kisasa. Kwenye Kumbukumbu la Torati 5:14, katika ile Amri ya siku ya Bwana, Mungu anataja kwa majina wanaopaswa kuacha kazi: wewe, mwana wako, "wala binti yako", watumwa wa kiume na wa kike, hata ng'ombe na punda, hata mgeni. Binti ametajwa waziwazi, labda kwa sababu Mungu alijua angesahauliwa jikoni. Na mstari wa 15 unatoa sababu: kumbukeni kwamba mlikuwa watumwa Misri. Mtumwa ndiye mtu asiyeweza kusema leo napumzika.

Kama kuna mji unaopaswa kuusoma mstari huo kwa hofu, ni huu wetu. Misafara kutoka Tabora na Ujiji iliishia hapa. Walipita hapa wasichana ambao siku zao zote zilikuwa mali ya mtu mwingine, wakavushwa kwa majahazi kwenda Unguja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1868, waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani, na masista waliowalea na kuwafundisha wasichana walikuwa Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Shirika lao lilianzishwa huko mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani, likawapokea tangu mwanzo na wanawake waliokuwa watumwa. Ina maana elimu ya kimisheni ya wasichana wa Bagamoyo ililelewa na shirika lililoujua utumwa kwa karibu. Kila nikipita njia ya miembe kwenda kanisani nawafikiria. Sidhani kama walichukulia mapumziko ya mtoto wa kike kuwa jambo dogo.

Mtu ataniambia: lakini mapumziko ya mitume hayakudumu. Ni kweli. Watu waliwaona wakiondoka, wakakimbia kwa miguu, wakawatangulia ng'ambo. Pengine muda pekee waliopumzika ni ule wa kuwa mashuani. Na waliposhuka, Yesu mwenyewe ndiye aliyeanza kuwafundisha umati. Wao walikuja kuguswa na kazi baadaye, ulipofika wakati wa kugawa mikate. Basi na sisi tuwape angalau mashua. Siku chache za mwanzo binti alale ashibe usingizi. Ale wakati chakula kingali cha moto. Mtu mmoja nyumbani akae naye, simu iwe pembeni, amsikilize kuanzia Januari. Kisha kazi zigawanywe, na kaka yake apewe fagio lake.

Wapo pia mabinti ambao wiki hii hawarudi kutoka popote, kwa sababu walishaacha shule. Wengine walipata ujauzito, wamejifungua, na tunaishi nao humu humu kwenye jumuiya zetu, tunapunguza sauti wakipita. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Mlango uko wazi, ila wengi hawana wa kuwashika mkono kuwapeleka mpaka ofisini kwa mkuu wa shule. Nyumbani kwa Yairo watu walimcheka Yesu aliposema mtoto hajafa. Akawatoa nje wote, akaingia na baba, mama na wale aliokuwa nao. Kama kwenye jumuiya yako yuko binti wa namna hiyo, nenda kamwone kabla Julai shule hazijafunguliwa, na mzazi wake awepo. Ukikwama kwenye taratibu nitafute, nitakwenda nanyi.

Katika sala zetu wiki hii tuwataje kidato cha sita wanaosubiri matokeo, kidato cha nne walio na mtihani wao Novemba, na walimu na matroni ambao nao wamechoka. Jumamosi kwenye jumuiya tusome Marko 5:21-43, na ningependa msomaji awe mmoja wa mabinti waliorudi, kama atakuwa ameshaamka.