Kumbukumbu ya mradi wa mbega: weupe umekubali

Umekubali! Mbega wa msitu wa Ngurdoto, joho jeupe, mkia mweupe, bila ule ukijani. Nimeiangalia picha kwenye simu, kwenye kompyuta ya kazini, hadi kwenye televisheni ya shemeji, na bado ni nyeupe.

Aliyewahi kupiga picha chini ya miti Hifadhi ya Arusha anajua shida yenyewe. Jua likipenya majani linafika chini limeshakuwa la kijani, na manyoya meupe hayafichi kitu. Rafiki yangu dereva wa watalii aliziona picha za mwanzo akauliza, "Kaka, huyu mbega ameota kuvu?"

Kitelezi cha joto la rangi kwenye programu ya kuhariri picha hakisaidii. Ukipanda Kelvini 7,000 unapata njano yenye kijani, ukishuka 4,500 unapata bluu yenye kijani. Dawa iko kwenye kile cha pili, cha kijani na majenta, ambacho wengi hata hawakigusi. Mpaka hapo sawa. Iliyonitoa jasho ni kadi ya kijivu, ile ya kupimia rangi ya mwanga. Naipiga picha pale niliposimama, nasahihisha rangi kwa hiyo kadi, mbega anatoka wa pinki. Kila mara! Kumbe kadi iko chini, kwenye mwanga uliochujwa na majani yote yaliyo juu yangu, na mbega yuko huko matawini, mgongoni anapigwa na anga, tumboni anapigwa na kijani kinachoakisiwa na majani. Mwanga wa kadi si mwanga wake, na nani atampandishia kadi mtini?

Kadi imebaki kwenye begi. Sasa kipimo nakichukua kwenye mkia wake mwenyewe, pale penye kivuli laini. Mgongoni hapana, anga linaongeza bluu. Kisha napitisha brashi tumboni na kupunguza kijani kidogo. Nasema kidogo, maana ukikifuta chote mbega anaonekana amebandikwa kwenye picha. Msituni kuna kijani, kibaki.

Yote hayo yanafanya kazi kama weupe haujaungua kwa mwanga kuzidi. Napunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kukata mwanga nusu), na naangalia histogramu, yaani mchoro wa mgawanyo wa mwanga, ya rangi tatu, siyo ile moja ya jumla, kwa sababu kijani ndicho kinachowahi kugonga ukuta. Weusi ukizama, faili la RAW, yaani picha ghafi ya kamera, linaurudisha. Weupe ulioungua haurudi hata kwa maombi.

Polaraiza, kichujio cha mbele ya lenzi, inaua mng'ao wa majani yenye unyevu na rangi inatulia vizuri, lakini inakula zaidi ya stopu nzima, na humo msituni tayari niko ISO 3200, usikivu wa kamera umeshapandishwa sana. Siitumii. Na zile rangi za kubofya mara moja wanazouziana watu, zinazogeuza kila mnyama kuwa wa machweo ya Serengeti, mnisamehe. Huku Meru hakuna vumbi la rangi ya machungwa.

Kuhusu mpangilio: ukipiga kutoka chini unapata tumbo na matundu meupe ya anga yanayovuta jicho. Pale ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto miti imeota kwenye mteremko chini yako, kwa hiyo mbega anakaa usawa wa macho na nyuma yake ni msitu wenye giza. Simamisha kamera wima, na mkia uingie wote. Kumkata mkia mbega ni dhambi.

Mpango ulikuwa baada ya hapa niende maziwa ya Momella kwa heroe. Heroe watasubiri, kwa sababu jozi ya hondohondo ilikatiza juu ya kreta, mabawa yakivuma, na tangu hapo sifikirii kingine. Wenyewe ni weusi kwa weupe vilevile, tatizo lilelile, ila wanaruka! Nataka shata ya 1/2000 ya sekunde, na mawingu ya Juni yanayomfaa mbega hayanipi mwanga wa kutosha. Mwenye lenzi ya f/4, inayoingiza mwanga mwingi, ya kukodisha hapa Arusha mjini aniambie bei.